Tumtunze Mwalimu Anayejitolea

Wazazi wenzangu, nina ombi, na ninalileta mapema, kabla hatujakutana kwenye mkutano wa shule tukamaliza asubuhi nzima kujadili madawati. Katika shule iliyo jirani nawe yumkini yupo kijana anayefundisha ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Amesomea ualimu, amefaulu, ametunukiwa stashahada au shahada yake, na bado anasubiri ajira. Huku akisubiri, anafundisha watoto wetu. Wanafunzi humwita Madam au Ticha, na sisi wazazi tumezoea kumwita "yule wa kujitolea". Naomba tumjue kwa jina. Naomba tumlipe posho tuliyomwahidi, kwa siku tuliyomwahidi. Na naomba aishi kwetu kwa heshima ileile tunayompa mwalimu yeyote.

Mimi naishi wilayani Muheza, mkoani Tanga, michungwa kila upande, na mwanangu yuko kidato cha tatu katika sekondari ya kata. Shule yenyewe sitaitaja, maana yanayotokea hapa kwetu yanatokea pia Kilwa, Kahama na Sumbawanga. Nitaeleza habari za mwalimu mmoja tu, kwa sababu nimemwona kwa karibu, na kwa sababu ukimwona mmoja vizuri utamtambua na wa kwenu.

Ni binti wa miaka ishirini na kitu, mhitimu wa shahada ya ualimu wa sayansi. Amepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Huamka saa kumi na moja alfajiri, akabandika chai, akanyoosha sketi kwa pasi ya mkaa, akapitia maandalio ya masomo aliyoyaandika usiku. Saa moja na nusu yuko mstarini na wanafunzi. Ana vipindi vya Baiolojia kuanzia kidato cha kwanza hadi cha tatu, kila kipindi dakika 40, na pale vipindi viwili vinapounganishwa kwa ajili ya vitendo ni dakika 80 amesimama. Tangu mwalimu wa Kemia alipokwenda likizo ya uzazi, amebeba na vipindi vya Kemia.

Hapo kwenye likizo ya uzazi naomba tutulie kidogo. Sheria inampa mama siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja anapewa siku 100. Hiyo ni haki yake na iheshimiwe. Lakini siku 84 ni wiki 12, na wiki 12 za siku tano tano ni siku 60 za masomo, wakati mwaka mzima wa shule una siku 194. Ni karibu theluthi ya mwaka. Shule yenye mwalimu mmoja tu wa somo, akiondoka kwa theluthi ya mwaka, nani anaingia darasani? Kwetu, na kwa wengi ninaowafahamu, haletwi mtu. Anaingia yule wa kujitolea. Mwalimu akiugua, anaingia yeye. Mwalimu akifiwa akasafiri, anaingia yeye. Wakubwa wakiitwa kusimamia mitihani ya taifa shule nyingine, madarasa yanayobaki anabaki nayo yeye. Ukilifungua shajara la somo la shule yetu utauona mwandiko wake kurasa baada ya kurasa, kwenye masomo ambayo si yote aliyasomea.

Siku moja nilikwenda shuleni kufuatilia mambo ya mwanangu, nikaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa la mwalimu huyu la kidato cha pili. Maabara tunayo. Mtakumbuka mwaka 2014, kila sekondari ya kata ilipotakiwa kuwa na maabara tatu, tulivyochangishana tofali, mchanga na siku za kazi. Jengo limesimama na meza zipo. Vifaa ndivyo vichache. Siku hiyo somo lilikuwa lishe, na alikuwa amewaambia watoto kila mmoja aje na kipande cha chakula kutoka nyumbani. Mezani kulikuwa na ugali wa jana, muhogo wa kuchemsha, wali kidogo kwenye karatasi, yai lililopasuliwa kwenye kisosi, ndizi mbichi na ndizi mbivu. Dawa yake ilikuwa kichupa cha iodini kutoka duka la dawa, aliyoizimua kwa maji, na mrija wa plastiki wa kudondoshea.

Tone la iodini ni la rangi ya kahawia. Likiangukia kwenye muhogo linageuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi, kwa sababu muhogo una wanga. Kwenye ugali likageuka vilevile, na watoto wakacheka kwa furaha. Kwenye ute wa yai likabaki kahawia. Halafu ikaja zamu ya ndizi. Mbichi ikawa nyeusi. Mbivu ikabadilika kidogo tu, madoa madoa. Kijana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Madam, ndizi ni ileile, wanga umekwenda wapi?" Yule mwalimu hakumjibu upesi. Akawauliza ndizi ipi ni tamu. Wakajibu kwa pamoja, mbivu. Akanyamaza, akawaacha waangaliane, mpaka binti mmoja akasema taratibu kwamba wanga umegeuka sukari. Ndipo akageukia ubao akaandika somo la kesho, jinsi mate yanavyofanya kazi hiyohiyo ndani ya kinywa.

Nimeishi na migomba maisha yangu yote, na siku ile nilijifunza jambo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Sikupata kujua iodini ile nani aliilipia mpaka nilipomuuliza mwenyewe. Aliinunua kwa pesa yake, na wakati huo posho yake ilikuwa haijatoka kwa muda mrefu.

Tunamtazama kama kiraka cha kuziba pengo, hatumtazami kama mtu mwenye mambo yake anayoyapenda. Huyu anapenda mimea. Jumapili baada ya ibada huvaa raba akapanda njia za milimani, upande wa Amani, akaokota majani, akayakandamiza katikati ya magazeti ya zamani na kuweka mawe juu mpaka yakauke. Kisha huyabandika kwenye daftari kubwa, kila jani na majina yake: la Kiswahili, la Kisambaa au Kibondei, na la kitaalamu akilipata. Majina ya kienyeji huwauliza kina bibi. Nimemkuta kibarazani kwa bibi mmoja jirani yangu, ameshika tawi, bibi anamwambia, "Mwanangu, hili sisi tulikuwa tunamchemshia mtoto mwenye homa, lakini usizidishe," naye anaandika kila neno.

Na anaishi mahali pake hasa. Amani kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na misitu ile ya Usambara ina mimea ambayo wataalamu wa dunia husafiri kuja kuitazama. Ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, linalopandwa siku hizi kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni milima hii na jirani zake. Lilipata jina hilo mwaka 1893, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, kupeleka mbegu kwao. Watoto wetu wanapita kando ya maua hayo wakienda kuchota maji. Aliyewaambia habari zake ni mwalimu asiye na mshahara. Sasa kidato cha kwanza wote wana daftari lao la majani, na somo la kupanga mimea katika makundi, ambalo wengi wetu tulilikariri bila kuona kitu, wao wanalisoma kwa kugusa.

Jioni yuko uwanjani. Alicheza mpira wa pete tangu sekondari, na wasichana wetu, ambao kwa miaka walikuwa wakikaa pembeni kuwatazama wavulana wakicheza soka, sasa wana timu inayojiandaa na mashindano ya michezo ya sekondari, UMISSETA, ngazi ya wilaya. Mwanangu ni mmoja wao. Zamani akitoka shule alikuwa akijifungia chumbani. Siku hizi anarudi na vumbi miguuni, anasimulia nani alifunga, nani alianguka, Madam alisema nini.

Usiku ni kusahihisha. Darasa moja lina madaftari mengi kuliko meza yake ndogo inavyoweza kubeba, hivyo anayapanga kitandani. Simu yake, ambayo kioo chake kimepasuka, imejaa mitihani ya taifa ya NECTA ya miaka iliyopita. Wanafunzi wa kidato cha nne humfuata na maswali ingawa darasa hilo si lake. Jumamosi anafundisha tuisheni watoto wawili watatu wa darasa la saba ili apate pesa ya mafuta na sabuni. Ana mkopo wa elimu ya juu unaomsubiri siku atakayoajiriwa. Ana mama yake, wilaya nyingine, anayempigia kumuuliza, "Vipi mwanangu, majina yametoka?"

Majina hayajatoka. Zamani mhitimu wa ualimu alimaliza chuo akapangiwa kituo, basi. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa, na tangu hapo njia ile ya moja kwa moja haikurudi kama ilivyokuwa. Leo nafasi hutangazwa, maelfu huomba, na wanaoitwa hufanya usaili. Umri wa kuajiriwa serikalini una mwisho wake, miaka 45, na wapo waliohitimu wakiwa vijana kabisa ambao sasa wanahesabu miaka iliyobaki. Wengine wamepata pa kushikilia katika shule binafsi, wanapiga tempo muhula hadi muhula. Wengine wameingia bodaboda na mitandao ya kutuma pesa, na kazi ni kazi. Huyu aliamua kubaki darasani, na darasa alilolichagua ni la watoto wetu.

Nchi hii haikuanza leo kuwategemea vijana. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliposema kila mtoto apate elimu ya msingi, walimu hawakutosha, na makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakawa wanafundisha na kujifunza ualimu kwa wakati mmoja, kwa mihadhara ya kila wiki, vitabu vya masomo kwa posta na vipindi vya redio. Ndio walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wengi wetu tuliosoma miaka ya themanini tulifundishwa kusoma na hao. Miaka ya 2000, sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi, wakaja vijana wa kidato cha sita waliopigwa msasa kwa muda mfupi na kupewa leseni ya kufundisha. Walisemwa sana, wakabandikwa majina, lakini waliingia madarasa ambayo vinginevyo yangekuwa matupu. Tofauti yao na huyu wa leo ni mbili. Wale walikuwa wamejifunza kidogo, huyu amehitimu kikamilifu. Na wale walikuwa na serikali nyuma yao, hata kama kilichowafikia kilikuwa kidogo. Huyu nyuma yake tuko sisi tu, na wakati mwingine hata sisi hatupo.

Kwa majirani zetu Kenya walimu wa namna hii wanajulikana kama wa BOM, wale wanaolipwa na bodi ya shule kwa michango ya wazazi. Tangu 2019 serikali yao iliongeza na walimu wa mafunzo kazini wanaopewa posho kwa mkataba wa muda. Hao wa mafunzo kazini waliungana, wakagoma, kesi ikafunguliwa mahakamani, na Januari 2025 maelfu kwa maelfu kati yao wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Siwaiti watu wagome. Nasema tu kwamba jambo hili likizungumzwa waziwazi linasogea, likiachwa chinichini linabaki mgongoni mwa kijana mmoja mmoja.

Najua neno litakalotoka kwanza mkutanoni: elimu ni bila ada, mchango wa nini tena? Ni hoja ya haki, nami nitaijibu kwa haki. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na baadaye ikafutwa hata kidato cha tano na sita. Hilo liliwaingiza darasani watoto wengi ambao wangebaki nyumbani, na sitaki lirudi nyuma hata hatua moja. Ruzuku ambayo serikali huleta shuleni imepangiwa uendeshaji: chaki, mitihani, ukarabati. Haikupangiwa posho ya mwalimu asiye mwajiriwa. Kwa hiyo posho hiyo ni ya hiari, na lazima ibaki ya hiari. Mtoto asirudishwe nyumbani, asisimamishwe mstarini, asinyimwe mtihani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Mjane mwenye wajukuu wanne asidaiwe hata shilingi. Akitaka kuleta mkungu wa ndizi apokewe kwa shukrani, asipoleta asalimiwe vilevile.

Lakini wengi wetu tunaweza. Tuchukue shule ya wanafunzi 300. Nusu ya wazazi wakitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 150,000. Haitoshi kuitwa mshahara wa mtu mwenye shahada, ila inalipa chumba, inanunua chakula, na inamruhusu anunue iodini bila kulala njaa. Shilingi 1,000 kwa mwezi ni pesa ambayo wengi wetu tunaitumia kwenye vocha bila kukumbuka.

Tunakokwama sana, kwa jinsi nilivyoona, ni kalenda. Tunakubaliana Januari, wakati mfuko umeshamalizwa na sare, madaftari na nauli, kisha tunaanza kukwepana Februari. Hapa Muheza pesa huja katikati ya mwaka machungwa yanapopakiwa kwenye malori. Kwa nini basi tusipange mchango ufuate mazao? Anayeuza machungwa atoe ya miezi sita siku lori linapoondoka. Wa mahindi atoe baada ya mavuno, wa korosho atoe mnada ukishalipa, mvuvi na muuza genge watoe kidogokidogo kila wiki. Mweka hazina aandike, risiti ikatwe, pesa iingie akaunti ya shule kwa utaratibu ambao halmashauri inautambua, na taarifa ibandikwe ukutani kila mtu aisome. Watu wa kwetu si wachoyo. Wanachoka kutoa pale wasipojua kilichotolewa kimekwenda wapi.

Bodi za sekondari na kamati za shule za msingi, nanyi nina neno kwenu. Mwandikieni huyu kijana barua. Isomeke amepokelewa lini, anafundisha masomo gani, vipindi vingapi, posho ni kiasi gani na hutoka tarehe ngapi, na kila upande utatoa taarifa ya muda gani ukitaka kuachana. Iwemo kwenye muhtasari wa kikao. Ahadi ya mdomo iliyotolewa na mwenyekiti wa mwaka jana haimsaidii mtu mwenyekiti mpya anapokaa kitini. Na siku akiondoka, apewe barua nyingine inayosema ukweli wa kazi aliyoifanya, ili akikaa mbele ya jopo la usaili awe na karatasi ya kuonyesha kwamba miaka ile hakuwa amekaa bure.

Wakuu wa shule na walimu wenyeji, ninyi ndio mnaoishi naye kutwa. Wengi wenu mnamsitiri kwa mengi tusiyoyajua, mnamgawia chai, mnamkopesha nauli, Mungu awalipe. Naomba nyongeza moja. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na mafunzo yake yanapokuja, kijana asiye kwenye orodha ya watumishi hukosa. Mwalimu aliyehudhuria akirudi, na akae naye mchana mmoja, wafungue vitabu pamoja. Somo analolifundisha ni lilelile na watoto ni walewale. Zamu zigawanywe kwa uwiano pia, asiwe yeye ndiye wa kila Jumatatu na kila mkesha wa mtihani kwa sababu tu ni mgeni na hana wa kumsemea.

Kuna jambo linalowahusu mabinti hasa, nami kama baba nitalisema bila kuzungusha. Binti mgeni anayeishi peke yake katika chumba kisicho na komeo madhubuti yumo hatarini, na kila mtu kijijini anajua. Anayempangisha asimgongee mlango usiku kwa kisingizio cha kodi. Mwenye cheo asimwambie kwamba barua ya utambulisho ina bei yake. Ajuza aliye na chumba cha uani, au familia yenye binti wa rika lake, imkaribishe. Mtendaji wa kijiji amtambue tangu wiki ya kwanza, ajue anakaa wapi, na ampe namba ya kupiga. Hayo hayahitaji bajeti ya mtu yeyote.

Walimu wastaafu, nanyi mpo, mmekaa vibarazani na hazina kubwa vichwani. Kijana huyu hajawahi kupata mtu wa kumkalia nyuma ya darasa na kumwambia baadaye, kwa upole, "Hapa uliharakisha, pale uliwapata." Mafunzo kwa vitendo ya chuoni ni wiki chache tu, na baada ya hapo hufundishwa na makosa yake mwenyewe. Mara moja kwa mwezi, saa moja tu, nendeni mkamtazame. Mtajifunza naye pia.

Na mliosoma shule hizi mkaondoka, mko Dar es Salaam, Mwanza, Muscat au Toronto, kila mwaka tunawaona kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa mkikumbushana majina ya utani na kuchangia misiba. Jambo jema sana, msiliache. Kwenye kundi hilohilo ulizeni leo shuleni kwenu nani anafundisha Fizikia. Kikundi cha watu 20 kinaweza kumtunza mwalimu mmoja mwaka mzima bila yeyote kuumia. Kabla ya kutuma, mpigieni mkuu wa shule, mwombeni barua na namba ya akaunti ya shule, na mtake taarifa kila muhula. Kama mna kitabu cha kiada, darubini iliyotumika, mpira wa pete au karatasi za kuchorea, mtumieni mwenye mapenzi nayo, maana shule nyingine zina masanduku ya vifaa ambayo hayajafunguliwa kwa kuwa hakuna aliyevutiwa kuyafungua.

Pamoja na yote hayo, tusimsahaulishe mwenye dhamana. Kumlipa posho kijana wetu kusifanye halmashauri iamini kwamba shule haina upungufu. Diwani aende kwenye baraza la madiwani na ikama ya shule mkononi: walimu wanaohitajika ni wangapi, waliopo ni wangapi, masomo gani hayana mtu, na wangapi kati ya wanaofundisha wanajitolea. Mbunge aulizwe swali hilohilo anapokuja kutusalimu. Kwa shule ya msingi kipimo cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tuhesabu, tuandike, tupeleke. Mwalimu wa kujitolea anastahili kuajiriwa. Posho yetu ni ya kumshika mkono wakati haki hiyo inatafutwa, na tuseme hivyo kwa sauti kila mara tunapoitoa.

Mkutano wa wazazi wa muhula ujao unakuja. Kwa shule yetu nimeshamwomba mwenyekiti aliweke suala la mwalimu wa kujitolea mwanzoni mwa ajenda, kabla ya mengineyo, kabla watu hawajaanza kuangalia saa na kuwahi mashambani. Nawaomba nanyi mfanye hivyo huko kwenu. Ulizeni: ni nani, anafundisha nini, tulimwahidi nini, na mara ya mwisho alilipwa lini. Majibu yaandikwe. Kisha, mkutano ukimalizika, msiondoke moja kwa moja. Piteni ofisi ya walimu mumsalimie, mjitambulishe ninyi ni wazazi wa nani, na mumuulize mtoto wenu anaendeleaje kwenye somo lake.